Sinenkima: jina la tishu ya mimea lililobeba kosa ndani yake

Kuna mjadala hauishi kwenye magroup ya kilimo na yale ya tiba za asili, nao ni huu wa maziwa ya mti. Mtu anaposti picha ya mpapai umekwaruzwa unachuruzika weupe, chini yake maoni yanamiminika. Mmoja anasema hiyo ndo damu ya mti, inazunguka humo ndani kama yetu inavyozunguka, ukiimwaga nyingi mti unakufa. Mwingine anabisha, hayo ni maji ya mizizi yamechanganyika na chakula. Wa tatu wala habishani na mtu, yeye kashaanza kugawa dozi.

Sasa kinachonifurahisha mimi ni kwamba huyu wa kwanza, wa damu, wala hajatunga kitu kipya. Karibu miaka 200 iliyopita maprofesa wakubwa wa Ulaya walikuwa wanasema hivyohivyo, mmoja mpaka tuzo akapewa, na kutokana na imani hiyo tishu yenye maziwa ikabatizwa jina la Kigiriki, cinenchyma, ambalo kwa matamshi yetu linakuwa sinenkima. Leo hakuna mtaalamu wa mimea anayelitumia. Ila ukifuatilia lilitoka wapi na lilitupwa kwa nini, utakuwa umeshaelewa maziwa ya mti ni kitu gani, maana kosa lote limo ndani ya jina lenyewe.

Tuanze na maneno ya kawaida. Tishu ni kundi la seli zinazofanya kazi moja kwa pamoja. Mmea una tishu ya kupandisha maji kutoka mizizini (zailemu), una ya kusafirisha sukari iliyotengenezwa na majani (floemu), una na ile laini ya kujaza nafasi na kutunza akiba, mfano sehemu yote ya kiazi unayokula. Hiyo laini inaitwa parenkima, likumbuke hilo jina maana ni ndugu wa sinenkima. Halafu kwenye baadhi ya mimea, sio yote, kuna mfumo mwingine wa vijibomba vyembamba sana, huwezi kuviona kwa macho, vimejaa kimiminika ambacho mara nyingi ni cheupe na mara nyingine njano au rangi ya chungwa. Kimiminika hicho ndo lateksi, sisi tunakiita utomvu au maziwa ya mti, na kikishaanza kunata kinakuwa ulimbo. Mpapai unacho, muhogo unacho, mtini, mnyaa, mpira, mbungo, mfenesi (aliyewahi kupasua fenesi bila kupaka kisu na mikono mafuta hahitaji kuelezwa), hata mgomba unao japo wa kwake hauna weupe ule wa mpapai, wa kwake utauona shatini baada ya kukauka na doa halitoki tena.

Basi vijibomba hivyo ndo vilivyoitwa sinenkima.

Jina limeunganishwa kwa vipande viwili vya Kigiriki. Cha kwanza ni kinein, yaani kusogea au kusogeza, na hiki unakijua hata kama hujawahi kufungua kitabu cha Kigiriki, ndo hichohicho kimo kwenye neno sinema, picha zinazotembea. Tena sinenkima ni kubwa kwa sinema kwa zaidi ya miaka 50, wakati ndugu wa Lumière wanaonyesha picha zao Paris mwaka 1895 jina hili la mimea lilikuwa limeshazeeka na limeanza kusahaulika. Kipande cha pili ni enkhyma, kitu kilichomiminwa ndani. En ni ndani, na khein ni kumimina. Ukiunganisha unapata kitu kama "mmiminiko unaotembea", na neno la kuangalia hapo ni hilo la mwisho, unaotembea.

Kwanza lakini, kwa nini tishu iitwe kitu kilichomiminwa? Seli za mmea hazimiminwi na mtu. Hapa inabidi turudi Aleksandria ya Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, kwa tabibu Mgiriki anaitwa Erasistratos. Huyu aliamini kwamba nyama ya viungo kama ini na mapafu ni damu iliyovuja kwenye mishipa ikaganda pembeni yake, kwa hiyo akaiita parenkhyma, kitu kilichomiminwa kando. Ni kosa, lakini kwa mtu asiye na hadubini ni kosa la kueleweka. Jina likakaa kwenye udaktari karne na karne mpaka miaka ya 1670 ambapo Nehemiah Grew, daktari wa Kiingereza aliyekuwa anachungulia mimea kwa hadubini, akalihamishia kwenye ile sehemu laini ya mmea. Kitabu chake kikubwa cha anatomia ya mimea kilitoka 1682. Kwa hiyo kiazi chako kimepewa jina la nadharia ya ini, ndo hivyo.

Karne ya 19 ilipofika ikawa fasheni. Kila tishu ikipatikana inafungiwa mkia wa -enkima. John Lindley, profesa wa botania pale University College London kuanzia 1829, alikuwa anafundisha na kuandika kwa mtindo huo: nyuzi za mbao akaziita plurenkima, mirija yenye vishimo bothrenkima (bothros ni shimo), mirija yenye utepe wa kuzunguka trakenkima, kutokana na jina la koo la hewa, na vijibomba vya maziwa vikawa sinenkima. Majina yanapendeza kuyatamka, ila kati ya hayo la mwisho ndo lilikuwa na ujasiri wa ajabu. Mengine yanaeleza umbo, kina vishimo, kina utepe. Sinenkima yenyewe inadai kwamba humo ndani kuna kitu kinatembea.

Dai hilo lilitoka wapi? Mwaka 1628 daktari wa Kiingereza William Harvey alichapisha kitabu kuonyesha kwamba damu ya wanyama inazunguka, moyo unaisukuma inakwenda na kurudi. Habari hiyo iliwatikisa watu, na haikuchukua muda wapo waliojiuliza kama na mimea nayo haina mzunguko wake. Stephen Hales, mchungaji wa kanisa aliyependa kupima pima, akalifanyia majaribio suala hilo na mwaka 1727 akatoa matokeo: maji yanapanda kutoka mizizini, yanafika kwenye majani, yanapotelea hewani. Hakuna moyo, na hakuna mzunguko wa kurudi. Ungedhani yameisha.

Hayakuisha, kwa sababu miaka ya 1820 kule Berlin, mtaalamu wa mimea Carl Heinrich Schultz aliweka chini ya hadubini mmea unaoitwa Chelidonium majus, ni jamaa wa mpopi, ule mmea wa afyuni, utomvu wake ni rangi ya chungwa, akaona kwa macho yake chembechembe zinakimbia ndani ya vijibomba, nyingine upande huu nyingine upande ule, zinapita kwenye njia panda, zinapinda, zinaendelea. Hebu fikiria wewe ndo uko kwenye hiyo hadubini. Una mirija, una matawi ya mirija, una kimiminika chenye rangi na chembe, na kinatembea! Schultz akasema huu ndo utomvu wa uhai, unaofanya kwa mmea kazi ya damu, na mwendo wake akauita saiklosisi, kutokana na kyklos ya Kigiriki yaani duara. Mwaka 1833 Akademi ya Sayansi ya Paris ikampa tuzo kwa kazi hiyo. Na hakuonekana mtu wa ajabu kwa sababu mwendo wa aina nyingine ulishajulikana, Mwitaliano Bonaventura Corti alikuwa ameshaona mwaka 1774 kwamba ndani ya seli moja moja za mmea wa majini wa Chara kimiminika kinazunguka kweli. Kwa hiyo kama ndani ya seli kunazunguka, kwa nini mmea mzima usizunguke?

Aliyemaliza ubishi ni Hugo von Mohl, profesa wa Tübingen, mwaka 1843. Hoja yake ukiisikia unaweza ukacheka kwa ilivyo rahisi: utomvu unatembea kwa sababu wewe umeuchokoza. Umekata jani ulilete kwenye hadubini, umelikunja, umelikandamiza na kioo. Mmea ambao haujaguswa, utomvu wake umetulia.

Chukua tairi ya baiskeli iliyojazwa vizuri. Upepo ule ndani umebanwa hasa lakini hauendi popote. Ipige msumari, upepo wote unakimbilia kwenye tundu, wa upande wa pili wa gurudumu nao unakuja hukohuko, ukiweka tundu la pili unagawanyika unakwenda pande mbili. Sasa mtu ambaye maisha yake yote ameona tairi zenye pancha tu, na kila akitaka kuichunguza tairi anaanza kwa kuitoboa, atakuandikia kitabu kizima kuhusu mzunguko wa upepo ndani ya gurudumu. Atakuwa hajadanganya alichokiona. Mwendo upo, ila ameuleta yeye. Huko ndiko alikonaswa Schultz, na ndiko anakonaswa kila anayeposti mpapai uliokwaruzwa akasema angalia damu inavyotembea, maana maziwa yanayochuruzika ni ya mpapai ambao tayari una pancha.

Baada ya hapo sinenkima ikawa na shida ambayo ndugu zake hawakuwa nayo, tishu inaitwa "inayotembea" na haitembei. Fasheni yenyewe ya -enkima nayo ilikuwa inapoa, kwa sababu wanasayansi wa Kijerumani, Schleiden mwaka 1838 na Schwann 1839, walishawafanya watu waanze kufikiria viumbe vyote kwa seli badala ya vitu vilivyomiminwa, halafu mwaka 1858 mtaalamu wa mimea Carl Nägeli akaleta majina ya zailemu na floemu yaliyogawa kazi vizuri zaidi. Mwaka 1877 mwenzao, Anton de Bary, akapanga upya vijibomba vya maziwa bila kuwa na haja ya mwendo wowote, akavigawa kwa jinsi vinavyoumbika. Jina linalotumika leo ni latisifa, la Kilatini, maana yake chenye kubeba lateksi, basi.

Unaweza kuuliza mbona parenkima ipo mpaka leo kwenye vitabu vya sekondari wakati hadithi yake ya damu iliyoganda ni uongo vilevile, tena mkongwe. Mimi naona ni kwa sababu parenkima ilishamwaga maana yake njiani, Grew alipoihamishia kwenye mimea hakuna aliyekuwa anasikia tena Erasistratos na ini lake, limebaki jina tu. Sinenkima lilikuwa bado bichi, aliyelisikia alisikia na dai lake. Kichekesho kingine ni saiklosisi ya Schultz, yenyewe haikufa, ilihama. Leo neno hilo linatumika kwa ule mwendo wa ndani ya seli moja aliouona Corti, mwendo wa kweli, yaani jina la kosa likaenda kuishi kwenye nyumba ya ukweli.

Sasa maziwa haya ni nini. Latisifa ziko za aina mbili kubwa. Kwenye mnyaa na jamaa zake ni seli chache zinazoanza tangu mmea ukiwa bado kiinitete ndani ya mbegu, halafu zinarefuka na kutoa matawi kadiri mmea unavyokua, hazijigawi kuwa seli nyingine ila viini vyake ndani vinaongezeka, zinapenya katikati ya seli nyingine mpaka kwenye majani, ni kati ya seli ndefu kuliko zote zinazojulikana kwenye mimea. Kwenye mpira, mpapai na muhogo njia ni tofauti, seli zinajipanga mstari halafu kuta za katikati zinayeyuka zinakuwa bomba moja. Kote huko kilichomo ni tumbo la seli yenyewe, saitoplazimu iliyo hai, imejaa vitone vidogo sana vya mpira, mafuta, protini na kemikali nyingine. Weupe unatokana na vitone hivyo kutawanya mwanga, hauna uhusiano wowote na lishe, kwa hiyo tusidanganywe na neno maziwa.

Presha ndo jambo lenyewe. Mti wa mpira alfajiri, kabla jua halijaanza kunyonya maji kupitia majani, presha ndani ya latisifa inaweza kufika zaidi ya mara 10 ya presha ya hewa tunayovuta. Ndo maana wagema mpira, kuanzia Malaysia mpaka mashamba ya Muheza kule Tanga, wanaamka mapema sana, ukigema saa sita mchana unapata kidogo maana jua limeshapunguza ile presha. Mgema anakata ganda tu, latisifa ziko kwenye ganda la ndani, kwenye mbao hazipo. Maziwa yanatiririka kwa muda halafu yanajiziba yenyewe kwa kuganda pale kwenye mdomo wa kidonda, na kitu kama theluthi moja ya alichokusanya ni mpira. Mti unaachwa siku mbili tatu unatengeneza mengine, mgema anarudi. Hivi hivi kwa miaka zaidi ya 20 mti mmoja.

Hapo tumeshajibu ile ya ukimwaga mti unakufa. Haufi kwa kuvuja maziwa. Unaweza kufa kama umekata mpaka ukaifikia ile tabaka nyembamba inayozalisha mbao na ganda, tena ukazungusha shina zima, lakini hilo linaua mti wowote hata usio na tone la maziwa.

Na kazi yake ni ulinzi. Mdudu aking'ata, presha inamsukumia usoni gundi yenye sumu, na jeraha linazibwa. Kwenye mpapai silaha ni papaini, kimeng'enya kinachokata protini, hichohicho kinacholainisha nyama ngumu mama akiifunga na majani ya mpapai au akiweka kipande cha papai bichi kwenye sufuria. Mwaka 2004 watafiti wa Japani walionyesha kwamba viwavi waliolishwa majani ya mpapai walikufa au kudumaa, lakini majani hayohayo yakioshwa utomvu, au papaini ikizimwa, viwavi wakakua vizuri tu. Wapo wadudu wanaojua mchezo, kabla ya kula wanakata kwanza mshipa wa jani upande wa shina, presha inaisha, maziwa hayafiki tena mbele, wanakaa wanakula kwa raha zao. Yaani mdudu anatoa pancha kwa makusudi, kaelewa kabla ya Mohl.

Kuna wanaouliza habari za mninga, mbona wenyewe unatoa damu kabisa, nyekundu? Ule sio utomvu wa latisifa. Ni gundi yenye tanini nyingi, inajikusanya na kutoka mti ukijeruhiwa, njia yake nyingine kabisa. Ubani nao sio lateksi, wala gundi ya mgunga, wala ile ya msonobari inayonata vidoleni, vyote hivi tunaviita utomvu kwa mkupuo na ndo maana tunabishana bila kuelewana, mmoja anaongelea mpapai mwenzake anaongelea mninga. Kipimo kisicho kamili lakini kinachosaidia: kikitoka papo hapo ulipokata, cheupe au cha rangi lakini hakipitishi mwanga, uwezekano ni mkubwa kwamba ni lateksi. Kikitoka polepole, kikang'aa, kikaganda kuwa tone unaloweza kulitazama dhidi ya jua, hicho ni gundi au ulimbo wa aina nyingine.

Kuhusu wale wa dozi, niseme moja tu kwa sababu limewaumiza watu. Maziwa ya mnyaa yana kemikali zinazounguza ngozi, na yakiingia jichoni yanaweza kujeruhi kioo cha jicho vibaya. Watoto wanaochezea uzio wa mnyaa, na mtu mzima anayepunguza uzio bila miwani, wako kwenye hatari ileile. Ikitokea, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, halafu hospitali bila kusubiri kesho. Hiyo kemikali mti umeitengeneza kwa ajili ya kukufukuza wewe na wadudu, haikutengenezwa kama tiba yako, na kwamba dawa moja iliwahi kutolewa kitaalamu kwenye maziwa ya jamaa wa mmea huo hakumaanishi unywe ya uzio wa nyumbani.

Ukikutana na sinenkima kwenye kitabu cha zamani kilichoskaniwa, na siku hizi viko vingi mtandaoni bure, badilisha kichwani mwako uweke latisifa, utaelewa kila kitu kinachosemwa kuhusu umbo na mahali zilipo, maana Lindley na wenzake walizichora vizuri sana. Ukifika pale wanapoanza kueleza utomvu unavyozunguka mmea mzima, ruka ukurasa.